Chipu Ndogo ya Ivrea

Somo letu la leo latupeleka Ivrea, mji wa kaskazini ya Italia.

Maikrokontrola ni chipu moja iliyobeba akili ya kuhesabu, kumbukumbu, na njia za kupokea na kutoa ishara. Yaweza kuwasha taa au kuendesha mota. Mwaka 2003, katika chuo cha usanifu cha mji huo, mwanafunzi Hernando Barragán wa Kolombia alitengeneza kibao kiitwacho Wiring, ili hata wasio mafundi waweze kuamrisha vyombo vya umeme. Alitumia chipu ya ATmega128, yenye kilobaiti 128 za kuwekea programu.

Mwaka 2005 Massimo Banzi na wenzake waliifuata kazi hiyo, lakini walitaka kibao cha bei nafuu. Wakachagua ATmega8, yenye kilobaiti 8 tu. Kwa kazi nyingi za mwanafunzi zatosha. Tena chipu hiyo yaweza kuchomekwa katika soketi. Ikiungua, yang'olewa na kuwekwa nyingine, kibao kisitupwe. Ndivyo ilivyozaliwa Arduino, ijulikanayo duniani kote.

Je, Barragán alikosea? Hasha! Yeye ndiye aliyeweka msingi. Waliofuata walipima haja upya.

Basi nawe, kabla ya kununua, andika: ishara ngapi zitaingia, ngapi zitatoka, programu ni kubwa kiasi gani, na chipu ikiungua utafanyaje. Kubwa kuliko haja ni fedha iliyolala. Kwaherini.