Baba wa mapasa hakimbii peke yake

Katika kitabu hiki wengine wameandika juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya namna wazee walivyosimika watemi. Mimi nimechagua mapasa, ni kusema wale ambao Kiswahili cha vitabu kinawaita mapacha. Lakini sitasema sana juu ya mama wala juu ya watoto wenyewe. Nitasema juu ya baba. Katika mambo ya uzazi baba anasahauliwa haraka: anaonekana siku ya kulipa fakture, kisha anapotea. Wazee wetu hawakumwacha vile. Walimpa jina, wakampa kazi, tena wakamtukana mbele ya watu wote. Ninataka kuonyesha kwa sababu gani.

Ninaandika kama mwalimu wa historia, lakini pia kama mtu aliyepita ndani ya jambo hili. Tangu miaka zaidi ya ishirini mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Kila siku ya mungu natoka Lubumbashi gizani, nafika Kipushi, narudi: kilometa 60 hivi. Watu wa kartie wananizoea. Wakati bibi yangu alipobeba mimba ya mapasa, nilifikiri kwamba kwa jambo la kuvumilia, mimi sina cha kufundishwa. Nilidanganyika.

1. Jina linamngojea mtoto

Mtoto mmoja anaweza kungoja jina: watu wanafikiri kambo gani atarudi, rafiki gani ataheshimiwa. Mapasa hawangoji. Kwetu Waluba wa Katanga, wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Waluba wa Kasai wanasema Mbuyi na Kabanga, ao Mbuyi na Kanku. Wasongye wanasema Ngoy na Mukonkole. Wanande wa Kivu ya Kaskazini wana Nguru na Ndobo, na mtoto anayewafuata anaitwa Kitsa. Ngambo ya ziwa Tanganyika, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ni Kulwa na Doto. Tukumbuke kwamba ni pande zile za Unyamwezi zilizomtoa Msiri, mtemi wa Bunkeya aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891.

Mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu ilipokataza majina ya kizungu, wazazi wengi walirudia majina ya ukoo, na majina ya mapasa yalikuwa tayari. Hata leo, nikisoma liste ya darasa mwezi wa tisa, nikikuta Kabange, najua pale nyumbani kuko ao kulikuwa Kyungu. Jina moja linanieleza habari ya watu wawili.

Lakini jina haliishii kwa watoto. Wazazi nao wanabadilishwa. Kwetu baba anakuwa Shamapasa, mama anakuwa Inamapasa. Kasai wanamwita baba Shambuyi. Wabemba, ndugu zetu wa mpaka wa Zambia, wanasema Shimpundu na Nampundu. Waganda wanasema Ssalongo na Nnalongo. Angalia vizuri: toka Uganda mpaka Katanga, makabila mbalimbali, lugha mbalimbali, lakini wote waliona lazima kumpa baba cheo kipya. Baba wa watoto kumi waliozaliwa mmoja-mmoja hapati cheo kile. Kumbe cheo si sifa ya nguvu za kiume, hata kama sisi wanaume tunapenda kuamini hivyo. Ni alama. Inaambia watu: huyu mtu amepata mzigo unaomzidi, mwangalieni.

2. Matusi na lungo

Anayejua ngoma ya mapasa anajua nyimbo zake. Haziimbwi siku nyingine yoyote. Mama wa heshima, ambaye kesho yake atakuwa kanisani na kitambaa kichwani, anataja wazi mambo ya chumbani, na baba wa mapasa anakaa pale anasikiliza. Hana ruhusa ya kukasirika. Wamisionari walisikia uchafu tu, wakakataza. Vijana wa leo wanasikia uchafu tu, wanacheka.

Mtaalamu mmoja, Victor Turner, alikaa kwa Wandembu kati ya 1950 na 1954. Wandembu ni Walunda wa kaskazini-magharibi ya Zambia, wanaohesabu asili yao kwa Mwant Yav wa Katanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza ibada yao ya mapasa, Wubwang'u. Wanaume na wanawake wanashindana kwa nyimbo za matusi, kila upande unajisifu na kudharau mwingine. Lakini Turner aliona jambo la pili, na kwangu hilo ndilo kubwa. Alisema mapasa ni baraka na shida pamoja. Uzazi ni kitu kizuri, lakini hapa umezidi kipimo: maziwa ni ya mtoto mmoja, mgongo ni wa mtoto mmoja, chakula cha nyumba hakikuongezeka. Basi mama wa mapasa alishika lungo, akazunguka kijiji kwa kijiji akicheza, na watu wakaweka ndani chakula, nguo na feza.

Sasa tunaelewa kazi ya matusi. Mtu anayeomba ana haya. Baba mwenye majivuno hawezi kwenda kwa jirani kusema «nimeshindwa kulisha». Lakini baba ambaye kijiji kizima kimekwisha kumtukana, kimetaja mpaka siri za kitanda chake, haya gani inabaki? Majivuno yamevunjwa kwa kicheko. Anaweza kupokea. Wimbo unafungua njia, lungo linapita.

3. Posho ilichukua nafasi ya lungo

Je, desturi hii ilifikaje mjini, na ilipotelea wapi? Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulianza mwaka 1910. Kwanza kampuni ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, wakafanya kazi, wakarudi kwao ao wakafa kwa magonjwa. Toka mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa: mfanyakazi akae na bibi yake kambini, watoto wazaliwe pale pale, wapimwe uzito, wasome, wawe wafanyakazi wa kesho. Jamaa ilipata nyumba, matibabu na posho.

Kambini Waluba, Wasongye, Walunda na Wabemba walikutana kwenye barabara moja. Nyimbo za mapasa zilichanganyika, kila mmoja alileta yake. Lakini lungo lilipungua. Kwa nini kuzunguka, wakati unga, samaki na mafuta vinatoka magazini ya kampuni? Kilichobaki ni ngoma, pemba nyeupe usoni, na pombe. Sehemu ya furaha ilihifadhiwa, sehemu ya msaada iliachiwa kampuni.

Kisha kampuni, iliyokuwa imekuwa Gécamines, ilianguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na miaka iliyofuata uzalishaji ulishuka sana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Posho ilikwisha, hospitali ya bure ilikwisha. Lakini sisi, watoto wa kambi, tulikuwa tumesahau lungo. Tulijua kuimba tu.

4. Siku ya mungu, barabara ya Kipushi

Mimba ilikuwa na miezi mitano wakati daktari wa ekografi alipotuonyesha vichwa viwili. Si ajabu kwetu: utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Afrika ya kati ni kati ya sehemu za dunia zenye mapasa wengi, zaidi ya uzazi 18 wa mapasa kwa kila uzazi 1,000. Lakini takwimu haikulishi. Usiku ule nilichukua kaye, nikaandika hesabu kama ninavyoandika kilometa: pesa ya materinite, pesa kama watapasua, nguo mara mbili, maziwa kama ya mama hayatatosha. Nikapanga: nitaongeza masomo ya jioni kwa watoto wa matajiri, nitalala saa tano tu, nitafika. Mkimbiaji anajua kugawa nguvu.

Mama mukwe wangu, Mulunda wa upande wa Dilolo, alikuja kukaa na sisi. Aliniuliza kama nimeambia watu. Nikajibu kwamba mambo ya nyumba ni ya nyumba. Aliniangalia tu.

Mapasa hawaheshimu kalenda. Zaidi ya nusu yao wanazaliwa mbele ya juma la 37. Daktari alituambia vile, mimi niliandika kwenye kaye, na bado nilihesabu miezi tisa kamili. Juma la 34, siku ya mungu, nilitoka saa kumi na moja asubuhi kama kawaida. Telefone niliiacha mezani, kwa sababu inasumbua mfukoni. Nilikuwa karibu na Kipushi, nafurahia pumzi yangu nzuri, wakati bibi yangu alipopasukiwa maji nyumbani.

Nilirudi saa tano. Mlango wazi, hakuna mtu. Mtoto wa jirani aliniambia: «Papa, banamupeleka mama ku materinite. Batu bote banaenda.» Nikakimbia tena, kilometa nne hivi, na zile ndizo zilikuwa ndefu kuliko zote za maisha yangu.

Kumbe jirani wa kushoto, ambaye sijawahi kumpa hata chumvi, alisimamisha taksi. Mama muuza mikate alitoa feza ya siku yake yote, maana pale walidai malipo ya kwanza mbele ya kumpokea mgonjwa. Kijana ninayemfundisha, aliyerudia darasa kwa sababu ya kote zangu, alitoa damu. Kyungu alizaliwa na kilo 2 na gramu 100. Kabange alifuata na kilo 1 na gramu 700, na mwanzo hakulia. Alilia nyuma. Yote hayo, mimi nilikuwa barabarani.

Mama mukwe alinikuta kwenye ukuta wa materinite, na viatu vya mbio, jasho limekauka. Hakunitukana polepole. Mbele ya majirani wote alitaja miguu yangu, akili yangu, na viungo vingine ambavyo siwezi kuandika katika kitabu cha shirika. Wamama wakaanza kucheka, mmoja akapiga makofi, na wimbo ukaanza pale pale kwenye kiwanja. Halafu akatoa lungo ndani ya kitambaa, alilokuwa nalo tangu siku aliyofika kwetu. Akasema: «Shamapasa, unapendaka kukimbia? Sasa kimbia. Nyumba kwa nyumba.»

Nilienda. Nyumba ya kwanza nilisimama inje dakika kumi. Nyumba ya tano nilianza kuzoea. Kwa siku tatu nilizunguka kartie, kwa wakwe, kwa walimu wenzangu, mpaka kambi ya zamani ya baba yangu. Hakuna aliyetoa kingi: kopo la unga, sabuni, vitambaa, falanga kidogo. Wengine walitoa tusi tu, na hilo pia nilipokea. Fakture ililipwa. Kama mngeniuliza kaye yangu ilisaidia kwa nini, ningejibu: nyuma yake niliandika majina ya waliotoa, ili siku yao nikumbuke.

Kabange alikaa juma tatu materinite. Muuguzi alitufundisha njia ya kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, katika Kolombia, mwaka 1978, pale mashine za kupasha watoto moto zilipokuwa hazitoshi: mtoto mdogo anafungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama alikuwa na Kyungu, basi mimi nilimbeba Kabange. Mwili uliozoea kilometa 60 ulipashwa kujifunza kukaa pahali pamoja, nusu nimelala, nikihesabu pumzi zisizo zangu. Hapo niliona kwamba uvumilivu wangu wote wa zamani ulikuwa wa kuondoka. Ule wa kubaki sikuwa nao bado.

5. Kwa kumaliza

Sisemi turudishe kila kitu cha zamani. Ekografi ni nzuri, damu ni nzuri, na mama wa mapasa azalie pale kuko daktari, si nyumbani, maana hatari ya kutoka damu na ya tansio ni kubwa kwake kuliko kwa mama wa mtoto mmoja. Pemba haizuii kutoka damu.

Lakini wale wanaosema ngoma ya mapasa ni uchafu, na wale wanaosema ni feti ya kunywa pombe, wote wanashika nusu tu. Wazee hawakutunga nyimbo zile kwa kuchezea. Walitunga sheria ya msaada, wakaifunika na kicheko ili mwenye shida asione haya. Kampuni ilipotupa posho tuliacha sheria, tukashika kicheko. Leo posho hakuna.

Basi kwa wenzangu wa shirika hili ninaomba mambo mawili. Tuandike nyimbo za mapasa mbele ya wamama wazee kuondoka, pamoja na matusi yake, bila kusafisha. Na kila kartie ambako kuko mimba ya mapasa, lungo lipite mbele ya siku ya kuzaa, si nyuma, kwa sababu materinite haingoji. Baba naye asingoje kutukanwa ndio aseme.

Mimi ningali nakimbia. Siku ya mungu naenda mpaka nusu ya njia tu, na telefone iko mfukoni. Kyungu na Kabange sasa wanatambaa, mmoja kulia, mwingine kushoto, na mtu ambaye hajafukuzana nao asiniambie habari ya mbio ndefu.