Waamuzi Walioamuru Upanga Usimame

Katika yote niliyosoma kuhusu kuku, hakuna lililonikaa kichwani kama habari ya upanga wa jogoo mweusi wa Kihispania. Zamani upanga wake ulikuwa hausimami. Waamuzi wa maonesho ya kuku Uingereza wakaamuru usimame wima, na baada ya miaka minne au mitano kila jogoo mzuri wa aina hiyo akawa na upanga uliosimama. Charles Darwin aliandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea inayofugwa na kulimwa. Akaongeza habari ya kuku wa Polish: waamuzi walitaka ndevu za manyoya, na mwaka 1860 vizimba 57 vilipoletwa Crystal Palace, London, vyote vilikuwa na kuku wenye ndevu.

Ninafuga kuku wa aina ya kuchi hapa Tabora, na kila nikimweka jogoo huyu awe wa mbegu na yule aende sokoni, huikumbuka habari hiyo. Miaka minne au mitano ni vizazi vichache tu vya kuku.

Kabla ya maonesho, hakimu wa jogoo Uingereza alikuwa ulingo. Aliyeshinda pambano ndiye aliyepewa matetea. Mwaka 1835 sheria ikapiga marufuku mapigano ya majogoo, na ushindani ukahamia kwenye vizimba. Mwaka 1845 kuku walioneshwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Miaka hiyohiyo wakaingia kuku wakubwa kutoka China, wenye manyoya hadi miguuni, na Malkia Victoria akawafuga. Watu wakapagawa. Kwenye maonesho ya Boston, Marekani, Novemba 1849, waliletwa kuku 1,423 na watazamaji wakapita 10,000. Bei zilipanda mpaka zikaanguka zenyewe, na mwaka 1855 George Burnham, mfanyabiashara aliyekuwa amemtumia Malkia kuku wa kijivu kutoka Marekani, akachapisha kitabu kizima kuhusu homa hiyo ya kuku.

Lakini vurugu ile ilizaa jambo la maana. Watu walikuwa wanagombana: huyu anasema kuku wake ni halisi, yule anasema ni chotara, na hakuna maandishi ya kuamua. Mwaka 1865 Waingereza wakachapa kitabu cha kwanza cha sifa za kila aina, chini ya uhariri wa William Tegetmeier, yuleyule aliyemsaidia Darwin sana katika mambo ya kuku. Wamarekani wakaunda chama chao mjini Buffalo mwaka 1873, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao. Sasa mwamuzi alikuwa na kitu cha kushika mkononi, na mfugaji wa mbali alijua anachotafuta. Aina nyingi za kuku zingepotea bila vitabu hivyo, na ninawaheshimu walioviandika.

Ila jicho likiachiwa peke yake linaharibu. Kuku yule wa Kihispania alisifiwa pia kwa uso mweupe, basi waamuzi wakatoa zawadi kwa nyuso kubwa na kubwa zaidi. Vifaranga wakawa dhaifu, wafugaji wakamkimbia. Orpington naye alitengenezwa na William Cook huko Kent mwaka 1886 awe kuku wa mayai na nyama, kuku wa mtu wa kawaida. Hazikupita siku nyingi, watu wa maonesho wakamzidishia manyoya, akawa mzuri wa kutazama, na utagaji ukashuka.

Dawa ilitafutwa kwa kuhesabu mayai. Kituo cha utafiti cha Maine, Marekani, kilianza mwaka 1898 kutumia viota vya mtego, kuku akiingia kutaga mlango unajifunga mpaka aandikwe. Wakawazalisha matetea waliotaga mayai mengi tu. Miaka ikapita, na mwanabiolojia Raymond Pearl alipopitia daftari zao mwaka 1908 akakuta kundi halijasonga mbele. Wingi wa mayai ya mama peke yake haukutosha kuonesha mbegu yake. Ilibidi kuwapima binti zake, na binti za jogoo pia. Hapo ndipo ninapoona uamuzi wa kweli wa kuku ulipoanza. Walter Hogan wa California naye akafundisha kumpima kuku kwa vidole, upana wa mifupa ya nyonga na nafasi iliyopo hadi kidari. Ninaifuata: humshika kuku kwanza, ndipo ninamtazama.

Kuchi wetu hajaandikiwa kitabu ninachokijua. Sifa zake zimo vichwani mwa wafugaji: asimame wima, shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda kama wa kasuku, upanga mdogo uliolala kichwani, manyoya haba kifuani. Hata hivyo watafiti wa vinasaba wamekuta kwamba ukoo wake wa upande wa mama unakaribiana na kuku wa Shamo, kuku wa mapambano wa Japani. Sura hiyo haikudumu kwa bahati. Kuna watu walioichagua kizazi baada ya kizazi bila karatasi, na sasa machotara wa kisasa wanaingia kila banda.

Wenzangu wa Tabora, Singida, Mwanza na Unguja, maonesho ya Nane Nane tunayo kila mwaka. Tukutane huko tuandike sifa za kuchi kwa pamoja, wazee wakiwapo. Katika orodha hiyo uhai wa vifaranga na utagaji wa binti viwekwe juu, urefu na umbo vifuate, rangi iwe ya mwisho. Na asipewe zawadi jogoo ambaye watoto wake hawajaonekana.