Mvule na Vyombo vya Nyanza

Henry Morton Stanley alipofika Kageyi, mashariki ya Mwanza, mwishoni mwa Februari 1875, wapagazi wake walikuwa wamebeba mashua nzima. Lady Alice iliundwa Uingereza kwa mwerezi wa Hispania, ikatenganishwa vipande vipande, na kutoka Bagamoyo ikachukuliwa kwa miguu kwa zaidi ya siku mia moja. Kageyi hapo hapo alikuwapo Songoro, mfanyabiashara aliyetokea pwani, ambaye hakuhitaji kubeba mbao. Jahazi lake lilikuwa likiundwa Ukerewe, kwa miti ya huko.

Mtu wa pwani hakuwa mgeni wa miti ya Nyanza. Mvule unaomea katika misitu ya ziwa ndio ule ule unaomea mwambaoni, na ambao mafundi wa Unguja waliutolea milango na mihimili. Ni mti wa Afrika nzima ya joto, tangu Guinea hata Msumbiji. Mbao zake haziliwi na mchwa, wala haziozi upesi majini. Fundi aitakiaye mashua yake umri mrefu atazitafuta kwanza. Lakini humtoza ushuru wake: ndani ya gogo mara nyingine mna mawe ya chokaa, aliyoyafanya mti wenyewe, na msumeno uliotiwa makali asubuhi hurudi butu.

Songoro hakulifaidi jahazi lake. Desemba 1877, katika ugomvi wake na Rukonge, mtawala wa Ukerewe, aliuawa pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill. Vitabu vya misheni viliwakumbuka zaidi hao wawili. Aliyejua kuunda chombo kwa mti wa pale akabaki jina la pembeni.

Tangu hapo misitu ya ziwa imekatwa sana, na watu wamekuwa wakiuliza kwa nini mvule haupandwi mashamba kwa mashamba kama msindano au mkaratusi. Sababu si uvivu. Mvule una mti dume na mti jike, na jike pekee ndilo huzaa. Anayekata majike makubwa, ambayo ndiyo hayo hayo yenye mbao nyingi, ameukata ukoo. Mbegu husambazwa na popo walao matunda, na uhai wake ni mfupi: matunda yaliyoanguka huokotwa, huloweshwa, huoshwa, na mbegu hupandwa bila kukawia. Mche hupenda jua. Kisha yuko adui mdogo, mdudu anyonyaye majani machanga. Jani huvimba kinundu, kinundu hupasuka, na ncha ya mche huoza. Pale miche mingi ilipopandwa pamoja peke yake, hasa Afrika Magharibi, mdudu huyo aliimaliza kwa urahisi.

Iliyonusurika vizuri zaidi ni ile iliyochanganyika na mimea mingine. Katika migomba na mibuni ya Uganda, wakulima huuacha mvule usimame juu ya mazao yao, kwa kuwa kivuli chake hakiyaui. Aghalabu haukupandwa na mtu. Popo alipita usiku, mche ukaota, na mwenye shamba, alipofika hapo na jembe, akalima kuuzunguka.