Nzi Wanaovulia Matajiri wa Ulaya Wanafungwa na Dada Zetu wa Kenya, Mbona Majina Yao Hatuyajui?

Wadau wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, na nyie mliokwama kwenye foleni ya malori mkisubiri kuvuka kwenda Nakonde, leo tuongelee nzi. Siyo wale wa buchani. Huyu ni nzi wa uzi na manyoya, mdogo kuliko punje ya harage, anauzwa kwenye maduka ya uvuvi London kwa bei ambayo hapa kwetu unakula chipsi mayai na soda juu. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyemfunga ni mwanamke anayeongea Kiswahili kama wewe.

Kwanza tuelewane huu uvuvi wenyewe. Sisi tuliozoea ndoano ya kawaida tunaweka mnyoo au donge la ugali, tunafunga chubwi, tunarusha. Uzito wa chubwi ndio unaoupeleka mshipi mbali. Kwenye uvuvi wa nzi mambo yamegeuzwa: nzi hana uzito wowote wa maana, kwa hiyo kamba yenyewe ndiyo inafanywa nene na nzito. Unaichapa hewani mbele na nyuma kama mchungaji na mjeledi wake, halafu unamlaza nzi juu ya maji taratibu, kama mdudu aliyechoka kuruka. Samaki anayetafutwa zaidi ni trauti, anayeishi kwenye mito ya baridi na kula wadudu wanaoanguka majini pamoja na watoto wa wadudu wanaojificha chini ya mawe. Anadanganywa na chakula chake mwenyewe.

(Na msicheke kwamba samaki anakula wadudu. Mto Songwe unamwaga maji Ziwa Nyasa, na kule kuna vijidudu vinavyopanda juu ya ziwa kama moshi. Watu wa pwani ya ziwa huvikusanya, huvikandika na kuvila. Livingstone mwenyewe aliandika habari za mkate huo kwenye kitabu chake cha 1865.)

Sasa historia. Maandishi ya zamani kabisa tunayoyajua kuhusu nzi wa kufungwa ni ya Claudius Aelianus, mwandishi wa Roma, kama miaka 1,800 iliyopita. Anasimulia kwamba huko Makedonia wavuvi walikuwa wanazungushia ndoano sufi nyekundu, kisha wanabandika manyoya mawili ya jogoo, yale ya shingoni chini ya undu. Ukisoma unashangaa: ni kazi ile ile inayofanywa leo, karibu hatua kwa hatua. Ila angalia kitu kimoja. Jina la mwandishi tunalo. Jina la mto tunalo, Astraeus. Jina la mvuvi hata mmoja hakuna, na wao ndio waliobuni.

Kumbuka hilo tunapokuja Afrika Mashariki, maana yalijirudia vilevile.

Trauti si samaki wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza aliyekuwa maarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta Kenya mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, Scotland. Meli hadi Mombasa, reli hadi bara, kisha wapagazi wakayapandisha milima ya Aberdare kwa miguu mpaka Mto Gura. Mayai ya trauti yanataka ubaridi muda wote. Yakipata joto yanakufa. Fikiria unapanda mlima na mzigo ambao ukijikwaa unamwagika, ukichelewa unaoza, na wala hujaambiwa ni wa nini. Wale wapagazi ndio walioufanya mpango mzima ufanikiwe. Vitabu vya uvuvi vinamtaja Grogan tu.

Na huyu Grogan, kwa wasiomjua, ndiye yule yule aliyewachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho Nairobi, mbele ya jengo la mahakama, Machi 1907. Alifungwa kama mwezi mmoja. Kwenye simulizi za trauti sehemu hiyo huwa inarukwa. Mimi naona hairukiki.

Baada ya Gura, mito ya milimani Kenya ikajazwa trauti mmoja baada ya mwingine, kukawa na vibali, kambi na vilabu vya walowezi. Hata ile nyumba ya Sagana, ambako Elizabeth alipewa taarifa ya kifo cha baba yake tarehe 6 Februari 1952 na ikawa yeye ndiye malkia, ilikuwa kando ya mto wa trauti. Huku kwetu Waingereza walipandikiza samaki huyo kwenye nyanda za juu kusini: mito ya mashamba ya chai Mufindi, na Kiwira kule juu Rungwe, kabla haujashuka kupita Daraja la Mungu na kuelekea Ziwa Nyasa. Majirani zetu Malawi nao wanao, mabwawa ya Chelinda juu ya uwanda wa Nyika. Yaani ukisimama Ileje, trauti yuko pande zote mbili za mpaka. Wenyeji wengi wa maeneo hayo walimjua kama samaki wa mzungu, samaki wa kutovua. Mto unapita shambani kwako, samaki ndani ya mto ana mwenyewe.

Lakini nzi aliendelea hata walowezi walipoondoka. Hapa ndipo habari inanoga.

Kenya kwa miongo mingi imekuwa moja ya sehemu kubwa duniani za kufunga nzi kwa ajili ya biashara. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza inayojulikana sana kwa wavuvi wa aina hii, ina kiwanda chake huko, na zipo karakana nyingine ndogo. Wafanyakazi wengi ni wanawake. Kazi yenyewe iko hivi: ndoano inabanwa kwenye jiliwa dogo la mezani. Uzi mwembamba kuliko wa cherehani unazungushwa kuanzia karibu na tundu kurudi nyuma. Mkia unafungwa kwanza, vinyweleo vitatu vinne tu vya unyoya. Kisha mwili, manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi. Halafu shingo: unyoya wa jogoo, mrefu na mwembamba, unazungushwa mara kadhaa mpaka vinyweleo vyake visimame pande zote kama miguu ya mdudu. Hivyo ndivyo vinamfanya aelee. Fundo la kichwa, tone la gundi, kata uzi. Ndoano ni namba 16 au 18, na kwenye ndoano hizi namba ikipanda ukubwa unashuka. Ukimaliza mmoja unaanza mwingine, na lazima afanane na mwenzake kama pacha, maana nzi wanauzwa kwa dazeni na mvuvi wa Norway hataki dazeni yenye mmoja mnene.

Jaribu kufunga wawili wanaofanana kabisa. Utaheshimu watu.

Wengi wa hao mafundi hawajawahi kurusha hata mshipi mmoja wa trauti. Kuna watu wanalisema hilo kama kasoro, eti unatengenezaje kitu usichokitumia. Sikubaliani. Scotland alikuwepo mama mmoja, Megan Boyd, aliyezaliwa 1915 na kufariki 2001. Alifunga nzi wa samoni kwenye kibanda kidogo pwani ya Sutherland, na hakuwa mvuvi kabisa. Nzi wake leo wanawekwa kwenye fremu kama michoro. Mwaka 1971 alipewa nishani ya dola ya Uingereza, na hakwenda kuipokea kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa wake. Hakuna aliyesema hajui kazi kwa kuwa havui. Waliandika jina lake magazetini mpaka Marekani. Dada wa Kenya anafanya kazi ya aina ile ile, anasukumwa na idadi ya siku, na jina lake linaishia kwenye daftari la malipo.

Halafu tazama nzi wenyewe wanavyopewa majina. Kuna nzi maarufu sana anaitwa Adams. Alibuniwa Michigan mwaka 1922 na Len Halladay, lakini jina alilobeba ni la mteja aliyemjaribu mtoni, Charles Adams. Kuna mwingine anaitwa Clouser, kwa jina la mbunifu wake wa Pennsylvania. Wavuvi wanatumia pia mmoja mweusi anayezama, anaitwa Kenya Bug. Huyo kapewa jina la nchi nzima. Mteja ana nzi, mbunifu Mmarekani ana nzi, nchi ina nzi. Aliyekaa kwenye jiliwa hana.

Na msidhani ni mambo ya kitoto. Manyoya tu yalishapeleka mtu mahakamani. Juni 2009 kijana mmoja Mmarekani wa miaka 20, mwanafunzi wa filimbi London, alivunja dirisha la jumba la makumbusho la Tring usiku, akatoka na ngozi 299 za ndege adimu, baadhi zilikusanywa na Alfred Russel Wallace karne ya 19. Alikuwa fundi wa nzi wa samoni wa mtindo wa zamani, akawa anauza manyoya hayo kwa mafundi wenzake mtandaoni. Alikamatwa 2010 na hakukaa jela, alipewa kifungo cha nje. Daah.

Turudi nyumbani. Trauti amechukua sifa zote, wakati samaki anayewaleta wavuvi wa nzi Tanzania kutoka mabara mengine ni wa kwetu kabisa: kibebe, mwenye meno yanayoonekana hata akifunga mdomo. Mito ya Mnyera na Ruhudji, inayoingia bonde la Kilombero, ilivuma duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 baada ya wageni kunasa vibebe wa zaidi ya kilo 9. Maji ya Ruhudji yanatoka Njombe, siyo mbali kivile na sisi. Wiki moja ya kuvua kule ni maelfu ya dola. Kwenye video unasikia jina la mgeni, jina la kiongozi wake, urefu wa samaki. Anayeshika usukani wa boti na kujua samaki amelala nyuma ya gogo gani, huyo ni mkono tu unaoonekana pembeni.

Nzi wa kibebe ni mkubwa, urefu wa kidole, hafanani na mdudu bali na kisamaki. Anafungwa kwa nywele ndefu za mkia wa mnyama au za plastiki, na mbele yake lazima kuwe na waya, maana uzi wa kawaida anaukata kama makaroni. Sasa piga hesabu ya Tunduma. Nywele za plastiki za kila rangi zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya saluni. Nyuzi ziko kwa kila fundi cherehani. Jogoo wa kienyeji wa kila rangi wanapita kwenye matenga kila siku ya soko. Mikono yenye subira ipo. Dada anayesuka rasta za uzi mwembamba saa sita mfululizo bila mstari kupinda ana mikono ya kazi hii tayari. Kinachokosekana ni ndoano nzuri, mtu wa kufundisha, na mnunuzi asiyewalipa watu kama wale wapagazi wa Gura.

Mafundi wa kwanza wakipatikana, ningependa kila pakiti iandikwe jina la aliyefunga, nyuma ya kadi, kwa herufi za kusomeka bila miwani. Mvuvi akimnasa kibebe wa kilo 9 ajue amtaje nani.