UN-Habitat
UN-Habitat ni shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi na miji, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi. Chimbuko lake ni mkutano kuhusu makazi uliofanyika Vancouver, Kanada, 1976. Lilianza 1978 kama kituo, likapandishwa hadhi kuwa programu kamili mwaka 2002, likiongozwa na Anna Tibaijuka wa Tanzania. Mwaka 2005 Tibaijuka alitumwa Zimbabwe kuchunguza bomoabomoa ya Operesheni Murambatsvina. Ripoti yake ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mkutano mwingine kuhusu makazi, uliofanyika Quito 2016, ulipitisha Ajenda Mpya ya Miji, ambayo, kwa bahati mbaya, haizifungi serikali kisheria. Shirika hushauri na kupanga zaidi kuliko kujenga.