Bendi za Wakati wa Vita

Twajua sote ya kuwa wimbo waweza kumrudishia mtu siku zake zilizopita. Mzee asikiapo ngoma ya ujana wake, miguu humwasha hata kama haina nguvu tena. Huko Uingereza na Marekani nako ndivyo ilivyo. Hata leo watu hukusanyika jioni katika kumbi, wamevaa mavazi ya mtindo wa miaka ya 1940, wakacheza dansi kwa nyimbo za siku za Vita Vikuu vya Pili. Je, vita vile vina kitu gani cha kutamaniwa? Nitajibu kwa kueleza habari za mtu mmoja.

Jina lake ni Glenn Miller. Alizaliwa mwaka 1904 katika mji mdogo wa Clarinda, nchi ya Marekani, akawa mpigaji wa tromboni, yaani tarumbeta refu ambalo sauti yake hugeuzwa kwa kuvuta mrija. Bendi yake ya kwanza ilivunjika. Ya pili, aliyoianza mwaka 1938, ilivuma kupita kiasi. Klarineti iliongoza, na saksafoni zikaifuata kwa pamoja, sauti ikawa laini mno. Kabla ya miaka minne kwisha, sahani za santuri za wimbo wake mmoja zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni moja.

Basi mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38, aliacha faida hiyo yote, akaingia jeshini kwa hiari yake. Mwaka 1944 alivuka kwenda Uingereza pamoja na bendi ya watu wapatao 50. Walifikia London, lakini mabomu yarukayo bila rubani yalikuwa yakianguka mjini, wakahamishiwa Bedford. Siku iliyofuata bomu liliuangukia mtaa waliotoka, likaua askari wengi. Tangu hapo walizunguka katika viwanja vya ndege, wakipiga muziki ndani ya mabanda makubwa ya eropleni, mbele ya vijana waliongojewa na vita angani. Wengi waliocheza usiku mmoja hawakuonekana usiku wa pili.

Tarehe 15 Desemba 1944 Miller mwenyewe alipanda eropleni ndogo katika kiwanja cha Twinwood, karibu na Bedford, aitangulie bendi yake Paris. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Eropleni ile haikufika, wala yeye na wenzake wawili hawajapatikana hata leo. Wanamuziki wake walifika Paris bila yeye, wakapiga vivyo hivyo, kwa kuwa askari walikuwa wakiwangoja.

Vita vilipokwisha, bendi kubwa nazo zikafifia. Kuwalipa na kuwasafirisha watu wengi kulitaka fedha nyingi, kumbi za dansi zilitozwa kodi kubwa, na vijana waliorudi walitaka kukaa nyumbani na wake zao. Mwezi wa Desemba 1946 viongozi kadha mashuhuri wa Marekani walizivunja bendi zao.

Lakini kumbukumbu ina hila yake: huondoa miiba, ikabakiza maua. Muziki ule asili yake ni jazi ya watu weusi wa Marekani, na Duke Ellington na Count Basie walikuwa miongoni mwa mabingwa wake. Hata hivyo jeshi la Marekani la siku zile liliwatenga weusi na weupe. Katika miji mingi ya Uingereza kila upande ulipewa usiku wake wa dansi, wasikutane. Anayekumbuka furaha ile na akumbuke na hili.

Mnara wa kiwanja cha Twinwood ulikaa ukiwa miaka mingi, hata ukatengenezwa, ukafunguliwa mwaka 2002 kuwa ukumbusho wa Miller. Wazee waliofika huko hawakutamani vita. Walimtamani ndugu, au mchumba, ambaye mkono wake waliushika katika dansi ya mwisho, naye hakurudi. Wimbo ulimleta karibu kwa muda mfupi, kisha ukaisha.

Nanyi wasomaji, mkiwa na mzee kijijini, mwulizeni nyimbo za ujana wake zilikuwa zipi. Tena mwulizeni aliziimba pamoja na nani.