Merikani Ilipoadimika Unguja

Kabla ya mwaka 1861, nguo iliyotafutwa mno katika soko la Unguja ilikuwa ile nzito isiyopaushwa, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na merikebu za Salem. Watu waliiita merikani. Misafara iliichukua bara kama fedha: ilinunua pembe, chakula, ruhusa ya kupita na, ni uchungu kusema, hata binadamu.

Mwaka huo Marekani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pamba ya majimbo ya Kusini ikazuiwa, viwanda vya Kaskazini vikapungukiwa, na merikani ikawa adimu na ghali. Wafanya biashara wa Unguja wakageukia nguo za Uingereza na za Bara Hindi. Shida haikuwa kupata nguo tu. Mnunuzi wa bara aliijua merikani kwa kuipapasa, wala hakudanganyika upesi kwa jina. Naona hapo ndipo ujuzi wa mfanya biashara ulipopimwa.

Vita vilikwisha mwaka 1865. Nguo ya Marekani ilirudi, lakini haikukuta tena uwanja mtupu. Kabla karne haijaisha, viwanda vya Bombay vilikuwa vikifuma nguo ya namna ile ile, nayo ikaitwa merikani.